Miwani ya AR: jinsi ya kujiandaa nayo hapa Nairobi kabla hujatoa pesa

Mimi kazi yangu ni kutengeneza laptopu na simu, niko Luthuli Avenue ghorofa ya pili kwa kile kichumba tunakaa mafundi watatu na meza mbili, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza habari ya hii miwani ya AR, anunue ama angoje, inafanya kazi hapa kwetu ama ni ya ng'ambo tu. Nikimjibu huwa ni haraka haraka maana mteja mwingine anangoja simu yake, kwa hivyo leo nimekaa chini niandike yote kwa pamoja, unaanzia wapi, unapima nini, unamuuliza nini muuzaji, alafu kuna jambo moja ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko bei na nitalifikia.

Tuelewane kwanza. AR ni pale unaendelea kuona vitu vyako vya kawaida, barabara, meza, uso wa mtu, na juu yake kompyuta inaongeza maandishi ama picha. Sio ile ya kufunika macho yote ukapotelea ndani ya gemu, hiyo ni VR. Na sio kitu cha jana. Ivan Sutherland huko Marekani alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani mwaka wa 1968, kizito mpaka ilibidi kining'inizwe kutoka kwa dari. Jina lenyewe, augmented reality, lilikuja mwanzo wa miaka ya 1990 kutoka kwa Tom Caudell wa Boeing, walikuwa wanatafuta njia ya kusaidia wafanyakazi wanaopanga nyaya za ndege waone maelekezo mbele ya macho badala ya kugeuka geuka kwa mbao kubwa zenye michoro. Yaani hii teknolojia ilizaliwa kwa mafundi wa waya. Hilo huwa nalikumbuka kila mara mtu akiniambia ni toi ya watoto wa matajiri.

Anza na simu uliyo nayo na daftari

Usianze na duka. Chukua daftari, ama notisi za simu, na kwa wiki moja kila ukitoa simu mfukoni andika mambo matatu: ulikuwa unatafuta nini, mikono yako ilikuwa inafanya nini wakati huo, na ulikuwa mahali gani. Basi. Andika hata kama ni kuangalia saa tu.

Mimi nilifanya hivyo na nikajifunza mengi kuliko video zote nilizokuwa nimeona. Mara nyingi nilitoa simu kusoma meseji ya M-Pesa, kuona kama mteja amelipa ama bado, na hapo nilihitaji mstari mmoja tu wa maandishi. Mara nyingine ilikuwa ni mchoro wa bodi, ile sahani yenye saketi ndani ya laptopu ama simu. Na nyingine nyingi zilikuwa ni mazoea tu, mkono unaenda mfukoni wenyewe, na hizo hazihitaji miwani, zinahitaji niache. Ukimaliza wiki yako weka alama kwa zile mara ambazo mikono ilikuwa na kazi ama macho yako yalifaa kubaki mahali yalipokuwa. Kama hazifiki hata moja kwa siku, weka pesa yako, bado hujafikiwa na hii kitu. Kama ni nyingi, endelea kusoma.

Sasa zile ulizowekea alama, zijaribu moja moja na simu, maana karibu kila kitu ambacho miwani itafanya simu inafanya leo kwa njia ya taabu. Google Lens utaelekeza kwa namba za kipuri ikutafutie ni cha nini. Google Maps ina kitu kinaitwa Live View, unainua simu barabarani na mishale inakuja juu ya picha ya kamera, jaribu ukitoka Archives ukienda upande wa Kenyatta Avenue, kamera inatambua majengo kwa kuyalinganisha na picha za Street View alafu inajua unatazama wapi. Mjini katikati inaweza kukushangaza. Ingia mtaani kwa vichochoro ambavyo gari la picha halikupita na uone tofauti. Hiyo tofauti ishike, tutarudi kwake.

Alafu kuna Live Transcribe, ya bure, kwa Android. Hii ndio ilinibadilisha mawazo kabisa.

Mama yangu masikio yamepungua. Tukikaa mezani Jumapili kule Buruburu huwa anacheka wakati wengine wamecheka, na mimi najua hajasikia, anaangalia tu nyuso zetu ajue ni wakati wa kucheka. Siku moja nikafungua hiyo programu, nikachagua Kiswahili, nikaegemeza simu kwa thamosi ya chai mbele yake. Dada yangu alikuwa anaelezea vile chama chao kimegawanyika juu ya ploti, na maneno yakaanza kutokea kwa kioo, mstari baada ya mstari, mengine yamekosewa lakini unaelewa. Mama akavaa miwani yake ya kusoma akainama. Baada ya dakika chache akasema, "Kumbe ni yule wa hesabu ndiye alikula pesa?" na dada yangu akanyamaza, maana ilikuwa kitambo sana tangu mama aulize swali katikati ya hadithi.

Lakini alipomaliza kula aliniambia kitu kingine. "Mwanangu, maneno nayaona, lakini sasa siwaoni nyinyi."

Chakula chote alikuwa ameangalia chini kwa thamosi. Hapo ndio nilielewa miwani ni ya nini. Maneno yale yale, lakini yakae hewani karibu na uso wa anayeongea, na mama abaki ameinua kichwa. Mwaka wa 2022 Google walionyesha miwani ya majaribio inayoandika na kutafsiri maneno ya mtu aliye mbele yako, haikuuzwa, lakini tangu hapo kampuni kadhaa zimekuja na za kuandika maneno, na kwa familia yenye mtu asiyesikia vizuri mimi naona hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kufuatilia hii teknolojia.

Jambo lingine uliangalie kwa jaribio hilo: dada yangu akiingiza Kikamba, na huwa tunaingiza bila kujua, yale maandishi yanakuwa takataka. Sheng pia. Andika hilo kwa daftari.

Aina za miwani, usiuziwe moja ukidhani ni nyingine

Hapa watu wengi wanaumia. Neno ni moja, vifaa ni tofauti kabisa.

Kuna miwani yenye kamera, maiki na spika lakini haina skrini yoyote. Ray-Ban Meta iliyotoka 2023 kuanzia dola 299 ni ya kundi hili, ina uzito wa gramu 49 hivi, karibu na miwani ya kawaida. Inapiga picha, inapokea simu, unaiuliza swali inakujibu sikioni. Kwa mtu asiyeona vizuri inasaidia sana, maana imeunganishwa na Be My Eyes, ile huduma iliyoanza 2015 ambapo mtu wa kujitolea anaona kupitia kamera yako na kukusomea kilicho mbele. Lakini ukinunua hii ukitarajia kuona mishale barabarani hutaona chochote. Muuzaji akikuambia hiyo ni AR muombe akuonyeshe maandishi kwa lenzi.

Kuna ya waya. Xreal ndio jina utasikia zaidi. Unachomeka kwa simu ama laptopu na unapata skrini kubwa inaelea mbele yako, ni kama kubeba televisheni mfukoni. Ndani yake kuna skrini ndogo juu ya jicho na kioo kinachorudisha picha kwako huku kikipitisha sehemu tu ya mwangaza wa nje, kwa hivyo unaona dunia lakini imefifia kama umevaa miwani ya jua. Ni nzuri ukiwa umekaa. Kutembea nayo Tom Mboya Street usijaribu.

Alafu kuna zile za lenzi safi kabisa, picha inasafiri ndani ya kioo chenyewe mpaka inatokea mbele ya jicho. Hapa ndio siku za mbele ziko na hapa ndio pesa iko. Meta walitoa Ray-Ban Display Septemba 2025 kwa dola 799, skrini iko kwa jicho la kulia tu, gramu 69, na unaiongoza na mkanda wa mkononi unaosoma misuli ukisonga vidole. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameonyesha Orion, ya macho yote mawili, uwanja wa kuona nyuzi 70, yaani vile picha inaenea mbele ya macho, gramu 98, lakini hiyo ni ya majaribio tu na haikuuzwa. Linganisha na HoloLens 2 ya Microsoft ya 2019 iliyokuwa gramu 566 na dola 3,500, ambayo waliacha kuitengeneza 2024. Kwa miaka mitano uzito umeshuka namna hiyo. Ndio maana ninaamini hii kitu inakuja, sio kwa sababu ya matangazo, ni kwa sababu ya hizo gramu.

Bei piga hesabu yako mwenyewe. Dola 799 kwa kiwango cha shilingi 129 hivi ni zaidi ya laki moja, na hapo hujaongeza VAT ya asilimia 16, ushuru na usafiri. Ikiwa mtu Luthuli hapa anakuuzia elfu nane "miwani ya AR ya Meta" jua ni miwani ya bluetuthi ya kusikiza muziki. Sio mbaya, lakini sio hiyo.

Vipimo vya kufanya nyumbani

Pima umbali kati ya mboni zako mbili. Simama mbele ya kioo karibu, kama sentimita 20, weka rula juu ya nyusi imenyooka, funga jicho la kulia, sifuri ya rula iwe sawa na katikati ya mboni ya kushoto, sasa bila kusonga kichwa fungua la kulia ufunge la kushoto usome ni milimita ngapi kwa mboni ya kulia. Rudia mara tatu. Watu wazima wengi wako karibu na 63, lakini ukiwa 56 ama 71 kuna miwani ambayo kingo za picha zitakuwa ukungu kila siku na hutajua kwa nini unaumwa kichwa. Uliza kifaa kinabeba kuanzia ngapi mpaka ngapi.

Kama unavaa miwani ya macho tayari, nenda kwanza upimwe upya, na uliza duka la miwani kama wanaweza kukata lenzi ndogo za kupachika ndani. Picha inayoelea huwa imewekwa kama iko mita kadhaa mbele yako, sio karibu na pua, kwa hivyo mtu anayeona karibu lakini haoni mbali ndiye atapata shida, na yule wa miwani ya kusoma pekee mara nyingi ataona sawa. Hii imechanganya wateja wangu wengi, wanadhani ni kama kusoma gazeti.

Kwa ile ya waya lazima simu yako itoe picha kupitia USB-C, na simu nyingi za bei ya kati ambazo tunanunua hapa hazitoi, hata kama shimo ni lile lile. Kujua ni rahisi. Azima adapta ya USB-C kwenda HDMI, hapa chini kila duka liko nayo, chomeka kwa televisheni. Picha ikitokea, miwani itakubali. Isipotokea usidanganywe na mtu kwamba kuna programu ya kurekebisha, mara nyingi hizo nyaya hazijaunganishwa ndani ya bodi na mimi ndiye nafungua hizo bodi kila siku.

Na uzito. Chukua miwani yako ya jua, funga kwa kila mkono wake sarafu na utepe mpaka mizani ya jikoni isome gramu 70, uvae masaa mawili ukifanya kazi. Pua na nyuma ya masikio vitakuambia ukweli.

Mwisho wa vipimo ni jua. Tuko karibu kabisa na ikweta na zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, saa sita mchana jua la hapa linaua skrini. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na ile Ray-Ban Display inafika 5,000 ndio ionekane nje. Nyingi za waya ziko chini sana ya hapo. Kwa hivyo muuzaji akikuonyesha ndani ya duka lenye taa hafifu, muombe mtoke mpaka mlangoni uangalie angani kidogo, sio kwa jua lenyewe, angani tu. Akikataa, rudisha.

Vile mimi naitumia mezani

Mwaka jana nilipata moja ya waya, imetumika, kwa mteja aliyekuwa anahama. Nilijua naitakia nini maana daftari lilikuwa limeniambia.

Kazi yangu ni hivi: nimeshika probu mbili za mita, zile sindano za kupimia umeme, moja kila mkono, nimegusa pini ndogo kuliko mchanga, na nahitaji kujua hapo panafaa kuwa na volti ngapi. Jibu liko kwa mchoro wa bodi, na mchoro uko kwa monita upande wa kushoto. Unageuza kichwa, unarudi, na kwa hiyo sekunde mkono umesonga. Hivyo ndivyo niliwahi kuua laptopu ya mwanafunzi mmoja, probu iliteleza kutoka laini ya taa ya skrini, ambayo kwa laptopu nyingine hufika volti 50, ikagusa laini ya data iliyo jirani inayoenda kwa prosesa. Cheche hata hukuiona. Laptopu ikazima na thesis yake ilikuwa ndani. Nilitoa data yote ikapona lakini bodi niliilipa mimi, na nilimwangalia huyo msichana akilia pale kwa ngazi.

Sasa mchoro unaelea juu kidogo ya mstari wa macho, na bodi naiona kwa chini ya fremu, kwa nafasi iliyo wazi bila kioo. Sisogezi kichwa, nainua macho tu. Kuifikia hapo kulichukua marekebisho. La kwanza na la muhimu kuliko yote: badilisha mandhari yote yawe meusi na maandishi meupe ama ya kijani. Hii miwani inaongeza mwangaza tu, haiwezi kuonyesha cheusi, cheusi kwake ni uwazi. Kwa hivyo PDF yenye karatasi nyeupe inakuwa ukuta wa taa mbele ya uso wako, lakini ukigeuza rangi karatasi inapotea na mistari peke yake inabaki hewani. Nilimwambia fundi mwenzangu akaijaribu akasema "boss, hii sasa ndio imekuwa kitu".

La pili, punguza. Usiweke WhatsApp, usiweke barua pepe. Mchoro mmoja, ukurasa mmoja. La tatu, kila baada ya dakika ishirini vua uangalie mbali, sisi tunaangalia Moi Avenue kupitia dirisha. Na kwa darubini haifai, huwezi kuweka miwani kwa lenzi ya darubini, kwa hivyo ile kazi ndogo kabisa bado naifanya kizamani.

Fikiria sasa hiyo miwani bila waya na ijue yenyewe ni bodi gani naangalia, iniwekee namba ya volti juu ya pini yenyewe. Fikiria mekanika wa Kirinyaga Road amelala chini ya gari mikono ina oili. Nesi anayetafuta mshipa. Mwanafunzi wa stima kwa chuo cha ufundi anayefunga swichi ya kwanza maishani. Mimi nikitaka kujua siku za mbele ziko wapi nawaangalia watu wenye mikono imeshikwa.

Ukiwa nje na watu wengine

Google Glass ilikuja 2013 kwa dola 1,500 na kufikia Januari 2015 wakaacha kuuzia watu wa kawaida, na sababu moja kubwa ilikuwa watu hawakupenda kuangaliwa na kamera wasiyojua kama imewaka. Hilo halijaisha. Mwaka wa 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba ukiunganisha miwani ya kamera na programu za kutambua sura unaweza kujua jina la mtu usiyemjua kabisa njiani. Walifanya hivyo kutuonya.

Kwa hivyo ikiwa yako ina kamera, vua ukiingia hospitalini, benki, msikitini ama kanisani, na kwa nyumba ya mtu uliza kwanza. Ile taa ndogo ya kuonyesha inarekodi usiizibe kamwe. Katiba yetu kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukirekodi mambo ya familia yako hiyo ni yako, lakini ukianza kuposti sura za wateja ama wapita njia kwa ajili ya biashara umeingia kwa ofisi ya kamishna wa data, na mwaka wa 2023 kuna ukumbi wa burudani hapa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja iliyopostiwa bila idhini yake. Hiyo ni bei ya miwani kama kumi na nane.

Usalama unaujua. Kwa matatu usikae dirishani nayo, na mimi nje ya kazi, yangu inabaki kwa kasha kwa mkoba wa mbele. Mpaka miwani ziwe nyingi kama simu, mwizi ataiona kabla yako.

Kazi ambayo unaweza kuanza leo bila miwani

Hili ndilo jambo nililosema ni kubwa kuliko bei. Miwani haijui kitu. Inaonyesha tu kile mtu aliandika mahali fulani. Ukiinua simu CBD ukaona mishale ni kwa sababu kuna gari lilipita likapiga picha. Ukiingia kichochoro chenu ukaona hakuna kitu ni kwa sababu hakuna mtu ameandika kwamba hapo kuna njia.

Na sisi tumewahi kufanya hii kazi vizuri sana. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao wenyewe kwa OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, mradi wa Map Kibera, wakati ramani nyingi zilikuwa zinaonyesha pale kama msitu. Alafu kuanzia 2012 watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani walipanda matatu na simu mkononi wakarekodi ruti zaidi ya 130, Digital Matatus, wakatoa ramani 2014, na mwaka uliofuata hizo ruti zikaingia Google Maps. Kwa hivyo siku miwani itamwonyesha mgeni kwamba 58 ya Buruburu inabebea upande gani na 46 ya Kawangware iko wapi, itakuwa imetokana na mtu aliyekaa kwa kiti cha nyuma akibonyeza kitufe kila steji.

Wewe fanya hivi. Weka StreetComplete kwa simu, ni ya bure, ni ya Android. Fungua akaunti ya OpenStreetMap. Ukiwa unatembea inakuuliza maswali mafupi kuhusu pale ulipo: hii barabara ina lami ama vumbi, hili duka linafungwa saa ngapi, hapa kuna taa za usiku, hizi ngazi zina kishikio. Unajibu ukiwa umesimama mahali salama, ni sekunde chache. Jibu kile unachokiona kwa macho yako tu, usikisie, na usiweke majina ya watu wala nyumba za watu binafsi. Anza na mahali pale unapotumana kila siku, zile unasema "teremka petrol station, pita kioski ya bluu, uliza keateka". Mimi nilianza na jengo letu na kichochoro cha kutokea nyuma, ambacho wateja walikuwa wanapigia simu kila siku wakiuliza.

Ya pili ni sauti. Miwani ya tafsiri ya Ray-Ban Meta ilipoanza ilikuwa na Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiitaliano. Kiswahili hakikuwepo, na tuko wengi sana kuwa hatupo. Kompyuta hujifunza lugha kwa kusikia watu, na kuna mahali panaitwa Common Voice, ya Mozilla, ambapo mtu yeyote anachangia sauti yake kwa Kiswahili. Unafungua kwa simu, unachagua lugha, unabonyeza maiki, unasoma sentensi inayotokea, zinakuja tano tano alafu unatuma. Ama unasikiza za wengine na kusema kama zimesomwa sawa, hiyo pia inahitajika. Soma kwa sauti yako ya kawaida, usiige mtangazaji wa habari, lafudhi yako ndiyo inatafutwa. Zima redio, funga dirisha. Wazee ndio wanahitajika zaidi, maana kompyuta iliyosikia vijana tu inashindwa kumwandika shosho.

Nilimweleza mama hayo yote, nikimwandikia kwa karatasi. Akauliza, "Kwa hivyo nikisoma hapa, itajua kuandika vile mimi naongea?" Nikaandika ndio, pole pole. Sasa Jumapili baada ya kuosha vyombo anakaa pale pale mezani, simu imeegemea thamosi, anasoma tano, anapumzika, anasoma tano. Akifika neno gumu ananiangalia, namwonyesha kwa midomo, anarudia mpaka analipata.